Kuchukua Sampuli Sahihi ya Maziwa: Mwongozo Kamili kwa Vituo vya Kupokelea na Viwanda Vidogo vya Mtwara na Lindi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mpokeaji wa maziwa katika kituo kidogo pembezoni mwa mji wa Masasi, nilimkatalia mama mmoja dumu lake la lita 10 kwa madai kwamba ametia maji. Alikuwa amefika saa moja asubuhi, akaliweka dumu chini ya mkorosho na kukaa kusubiri, kwa kuwa siku hiyo nilichelewa kufungua hadi saa tatu na nusu. Nilifungua kifuniko, nikamimina maziwa ya juu kwenye silinda ya kupimia, nikatumbukiza laktomita, yaani kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa, ikasoma 25 badala ya angalau 28. "Mama, haya yana maji," nilimwambia. Alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, bomba halijatoa maji tangu juzi. Ya kutia humo ningeyapata wapi?" Jibu hilo lilinisimamisha. Nilirudisha maziwa dumuni, nikakoroga vizuri mpaka chini, nikapima upya, laktomita ikasoma 28. Nilipotia kipimajoto nikakuta maziwa yana nyuzi 29 za Selsiasi, na baada ya kusahihisha joto, usomaji halisi ukawa karibu 30. Maziwa ya mama yule yalikuwa mazuri kabisa.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo. Dumu lilikaa zaidi ya saa mbili bila kuguswa, mafuta yakapanda, nami nikapima malai nikidhani napima maziwa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maziwa yaliyojaa mafuta huifanya laktomita izame, na kuzama huko ndiyo dalili ile ile tunayoisoma kuwa ni maji yaliyoongezwa. Maana yake ni kwamba mpokeaji anayechota juu ya dumu lisilokorogwa atamtuhumu kwanza yule mfugaji ambaye ng'ombe wake wana mafuta mengi. Kosa langu la pili lilikuwa kusoma laktomita bila kuangalia joto, katika mikoa ambayo maziwa ya asubuhi hufika kituoni yakiwa na joto linalokaribia la mwili. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba ugomvi mwingi kati ya wafugaji na wanunuzi wa maziwa hauanzii maabara bali kwenye upawa, na ndiyo sababu ya mwongozo huu kukaa zaidi kwenye mkono unaochota kuliko kwenye mashine inayopima.

Kwa nini maziwa ya chombo kimoja hayafanani

Mafuta ya maziwa yamo katika vidonge vidogo sana vinavyoelea ndani ya majimaji yenye protini, sukari na madini. Vidonge hivyo huanza kupanda mara tu maziwa yanapotulia, na kadiri muda unavyopita ndivyo tofauti kati ya juu na chini inavyoongezeka. Anayechota juu hupata mafuta mengi kuliko yaliyomo, anayefungulia koki ya chini hupata machache, na wote wawili wataandika namba ambayo haipo katika dumu lolote.

Tofauti huanza hata kabla ya dumu. Maziwa ya kwanza kutoka kwenye chuchu huwa na mafuta kiasi cha asilimia 1 hadi 2 tu, ilhali yale ya mwisho ya kumalizia yanaweza kufika asilimia 10. Mfugaji anayemwachia ndama sehemu ya mwisho, kama ilivyo kawaida kwa ng'ombe wa kienyeji, anampa ndama mafuta mengi na kukileta kituoni kile kilichobaki. Hilo si udanganyifu, bali ni ufugaji, na mpimaji anayelijua hatashangaa akikuta maziwa ya ng'ombe mmoja yana mafuta tofauti Jumatatu na Alhamisi. Maziwa ya jioni nayo huwa na mafuta zaidi kuliko ya asubuhi pale ambapo muda kati ya ukamuaji wa asubuhi na wa jioni ni mfupi kuliko muda wa usiku. Kwa hiyo, ukitaka kumpima ng'ombe mmoja mmoja, kamua ndoo yote hadi mwisho, changanya, ndipo uchote.

Katika mikoa yetu kuna jambo jingine la kuzingatia. Kwa miaka mingi mbung'o walizuia ng'ombe kuenea kusini, na sehemu ya mifugo iliyopo leo Kilwa, Lindi na Nachingwea imekuja na wafugaji waliohamia, wakiwemo walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Hivyo kituo kimoja kinaweza kupokea maziwa ya zebu, yaani ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, machache kwa ujazo lakini mara nyingi yenye mafuta yanayozidi asilimia 4.5, na papo hapo kikapokea maziwa ya chotara wa Friesian anayefugwa bandani mjini, yenye mafuta ya asilimia 3.5 au zaidi kidogo. Maziwa hayo mawili yakimiminwa katika chombo kimoja bila kukorogwa, sampuli haitawakilisha upande wowote.

Amua kwanza unachotaka kupima

Sampuli ya kupima mafuta na sampuli ya kuhesabu bakteria hazichukuliwi kwa namna moja, na ukikosea mpangilio huwezi kurekebisha baadaye. Kanuni ni kwamba sampuli ya bakteria hutangulia zote, ichukuliwe kwa kifaa kilichotakaswa na iingie katika chupa iliyotakaswa, kabla upawa wa kawaida, laktomita au kipimajoto havijagusa maziwa. Baada ya hapo ndipo huchukuliwa sampuli ya mafuta, protini na yabisi nyingine, yaani vyote vilivyomo katika maziwa ukiondoa maji.

Vivyo hivyo, tenganisha vipimo vya kukubali au kukataa na vipimo vya malipo. Vipimo vya mlangoni, yaani kuangalia, kunusa, alkoholi na laktomita, hufanywa kwa kila dumu peke yake kabla ya kuchanganya. Dumu moja lililochacha likimiminwa pamoja na manne mazuri, sampuli ya mchanganyiko inaweza kupita leo, na kesho tangi zima likaganda. Sampuli ya malipo, kwa upande wake, inaweza kuunganishwa kutoka madumu yote ya mfugaji mmoja, kwa uwiano nitakaoueleza hapa chini.

Vifaa

Upawa wa stenlesi wenye mpini mrefu unaofika katikati ya kina cha dumu au keni ndio kifaa cha msingi. Usitumie upawa wa kifuu wala kikombe cha plastiki kilichokwaruzika, kwa sababu mikwaruzo huficha bakteria ambao sabuni haiwafikii. Kikorogeo kizuri ni fimbo ya stenlesi yenye sahani yenye matundu mwishoni, ambayo husukumwa juu na chini. Chupa za sampuli ziwe za ujazo wa takriban mililita 120, zenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja, kwa sababu maabara nyingi huhitaji angalau mililita 100.

Chupa na upawa viwe vikavu. Narudia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu nimeona chupa zikisuuzwa na kutumika papo hapo zikiwa na maji chini. Chukua maziwa yenye yabisi zisizo mafuta asilimia 8.5, ambacho ndicho kima cha chini katika kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe. Mililita 5 za maji zikibaki katika chupa ya mililita 100, maabara itasoma asilimia 8.1 hivi, na mfugaji ataambiwa ametia maji ilhali maji hayo yametiwa na kituo. Suuza, pindua chupa juu ya wavu safi, ziache zikauke usiku kucha, kisha zifunike.

Kwa sampuli ya bakteria, chupa na upawa vitakaswe kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 kwa angalau dakika 20. Kituo kisicho na mashine hiyo kinaweza kuomba chupa zilizotakaswa kutoka maabara inayopima, jambo ambalo naliona bora zaidi kwa sababu maabara hujua chupa zake. Upawa unaweza kutakaswa papo hapo kwa kuuchovya katika alkoholi ya asilimia 70 na kuupitisha kwenye moto hadi alkoholi iungue yote, kisha kuuacha upoe bila kuugusisha popote. Weka chupa ya alkoholi mbali na moto unapofanya hivyo.

Kukoroga

Hii ndiyo hatua ambayo watu huifupisha, na ndiyo inayoamua kila kitu. Kwa dumu la lita 10 au 20 lenye mdomo mwembamba, ambalo kikorogeo hakiingii, mimina maziwa yote katika keni au ndoo safi yenye mdomo mpana, kisha yarudishe dumuni na kuyamimina tena ndooni, jumla ya mara tatu au nne. Mimina taratibu ukiegemeza mkondo kwenye ukuta wa chombo ili povu lisijae, kwani povu huharibu usomaji wa laktomita na hupunguza maziwa halisi yanayoingia katika upawa. Kabla ya kuendelea, angalia ndani ya dumu tupu kwa tochi. Ukiona utando wa mafuta umeganda kwenye ukuta au shingoni, suuza kwa maziwa yale yale mpaka utoke, maana huo nao ni mali ya mfugaji.

Kwa keni ya lita 40 au 50, shusha kikorogeo hadi kiguse sakafu, kivute hadi karibu na uso wa maziwa bila kukitoa nje, na urudie angalau mara 10, ukizungukia pande zote. Mkono usikie sakafu ya keni kila unaposhuka. Kukoroga kwa kuzungusha kijiko duara, kama mtu anayekoroga uji, hakutoshi, kwa sababu maziwa huzunguka yote pamoja huku safu ya juu ikibaki juu.

Katika tangi la kupozea, washa kikorogeo cha umeme na ungoje angalau dakika 5 kwa tangi dogo, na dakika 15 au zaidi kwa tangi kubwa, hasa kama maziwa yalikaa usiku kucha. Umeme ukikatika, na sote tunajua unavyokatika, usichote mpaka urudi au mpaka umekoroga kwa mkono kwa muda wa kuridhisha. Namna ya kuthibitisha kwamba muda unaotumia unatosha ni kuchukua sampuli mbili sehemu tofauti za tangi, na kupima mafuta ya kila moja. Tofauti ikizidi asilimia 0.1, ongeza muda na ujaribu tena, kisha andika muda uliofaa kwenye ukuta karibu na swichi. Ni kazi ya asubuhi moja inayohudumu kwa miaka, na inashangaza ni vituo vingapi havijawahi kuifanya.

Kuna hali moja ambayo kukoroga hakuponyi. Dumu lililojazwa nusu likifungwa nyuma ya bodaboda na kurushwa kwenye njia ya vumbi kwa saa nzima wakati wa joto, maziwa husukwa, na chembe za siagi huonekana zikielea. Mafuta yaliyokwisha kushikana hayarudi kusambaa sawasawa, hivyo sampuli ya mafuta kutoka dumu hilo si ya kuaminika. Pokea maziwa kama yamepita vipimo vingine, lakini andika "yamesukwa" daftarini, usitumie kipimo cha mafuta cha siku hiyo kwa malipo, na umshauri mfugaji ajaze dumu dogo mpaka shingoni badala ya kubeba dumu kubwa lililo nusu.

Wafugaji wanaoleta maziwa katika vibuyu wanahitaji uangalifu wa peke yake. Kibuyu hubaki na vimelea vya uchachu katika kuta zake hata kikifukizwa moshi, na maziwa ya vibuyu viwili vya mama mmoja yanaweza kuwa tofauti kabisa. Mimina kila kibuyu katika chombo chake, upime kimoja kimoja, na usiunganishe mpaka vyote vimepita.

Kuchota

Chota mara tu baada ya kukoroga, bila kuacha nafasi ya kujibu simu. Suuza upawa mara moja kwa maziwa hayo hayo, uushushe hadi katikati ya kina, uuinue umejaa na umimine katika chupa. Usijaze chupa hadi mdomoni, kwani maabara itahitaji nafasi ya kuitikisa ichanganyike, wala usiiache nusu, kwani safari itasuka maziwa yawe siagi. Acha nafasi ya takriban sehemu moja ya sita.

Kwa sampuli ya bakteria, nawa mikono na uikaushe, fungua kifuniko bila kukiweka mezani, ukishike kikiwa kimeinamia chini kati ya vidole, mimina haraka na ufunge. Usipumulie chupa wala usizungumze juu yake. Ukichukua sampuli kwenye koki ya tangi, safisha mdomo wa koki kwa alkoholi, umwage lita moja au mbili za kwanza katika ndoo ya pembeni, kwa sababu maziwa yaliyokaa ndani ya koki hayakukorogwa na huwa na bakteria wengi kuliko ya tangi.

Uwiano, mahali ambapo fedha hupotea

Mfugaji akileta vyombo viwili vyenye ujazo tofauti, wapokeaji wengi huchota upawa mmoja kwa kila chombo na kuunganisha. Hesabu ifuatayo inaonyesha ubaya wake. Tuseme dumu moja lina lita 20 za mafuta ya asilimia 5, na jingine lina lita 5 za asilimia 3. Mafuta halisi ya maziwa yote ni 20 mara 5, jumlisha 5 mara 3, gawanya kwa 25, yaani asilimia 4.6. Ukichota upawa mmoja mmoja utapata wastani wa 5 na 3, yaani asilimia 4. Kituo kinacholipa kwa mafuta kitakuwa kimemnyima mfugaji sehemu kubwa ya haki yake, bila mtu yeyote kukusudia kuiba.

Dawa yake ni kuchota kwa kipimo kimoja kwa kila lita. Ukichagua mililita 4 kwa lita, dumu la lita 20 litatoa mililita 80 na lile la lita 5 litatoa mililita 20, jumla mililita 100. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au silinda ndogo ya kupimia, kisha changanya katika chupa moja. Pima ujazo au uzito wa kila dumu kabla ya kuchota, kwa sababu dumu linaloitwa la lita 20 si lazima lije na lita 20.

Njia hiyo hiyo hutumika kukusanya sampuli ya siku 7 au 10 kwa malipo ya mwezi, ambapo kila siku chupa ya mfugaji huongezwa mililita 1 kwa kila lita aliyoleta. Sampuli ya namna hii lazima iwe na dawa ya kuhifadhi na ikae kwenye jokofu, na kila unapoongeza, izungushe chupa taratibu ili dawa ienee. Vidonge vya bronopoli ndivyo ninavyovipendekeza. Potasiamu dikromati hufanya kazi hiyo pia, lakini ni sumu kali na mabaki yake hayapaswi kumwagwa ovyo, kwa hiyo siipendi katika kituo kilicho karibu na nyumba za watu. Sampuli yenye dawa haifai kwa kipimo cha bakteria, wala isinuswe, isionjwe, wala kurudishwa tangini. Iandikwe "ina dawa, isinywewe" kwa maandishi makubwa.

Laktomita na alkoholi mlangoni

Laktomita nyingi zimesanifiwa kwa nyuzi 20, lakini zipo za nyuzi 15.5, kwa hiyo soma maandishi ya shingoni kabla ya kuiamini. Jaza silinda hadi karibu na ukingo ukiwa umeiinamisha ili povu lisitokee, iweke wima mahali pasipo na upepo wa feni, shusha laktomita taratibu, ngoja itulie bila kugusa ukuta, na usome jicho likiwa sawa na uso wa maziwa. Tia kipimajoto mara moja. Kwa laktomita ya nyuzi 20, kila nyuzi moja juu ya 20, ongeza 0.2 katika usomaji, na kwa kila nyuzi moja chini yake, punguza 0.2. Maziwa yaliyosoma 26.5 yakiwa na nyuzi 31 yatasahihishwa kwa 2.2 na kuwa 28.7, ambayo ni densiti ya 1.0287, ndani ya kiwango cha 1.028 hadi 1.036. Bila kusahihisha, maziwa hayo yangekataliwa. Joto likiwa mbali sana na 20, poza sampuli kwanza katika maji ya baridi, kwa sababu usahihishaji huo hupoteza usahihi kadiri tofauti inavyokua. Maziwa yaliyokamuliwa muda huo huo yaachwe nusu saa hewa itoke, yakorogwe tena, ndipo yapimwe.

Kwa kipimo cha alkoholi, changanya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za ethanoli yenye nguvu iliyopimwa, kwa kawaida kati ya asilimia 68 na 75, na uinamishe neli uone kama vipande vimeganda. Vipimo vyote viwili vilingane kabisa kwa ujazo. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa siku hizo, au mwenye ugonjwa wa kiwele, nayo yanaweza kuganda bila kuwa yamechacha, hivyo muulize mfugaji kabla ya kumhukumu. Na kwa afya yako, nusa maziwa mabichi lakini usiyaonje, maana ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humpata binadamu kupitia maziwa hayo.

Lebo, baridi na safari

Andika lebo kwa maka peni isiyofutika na maji, tena kwenye mwili wa chupa, kwani vifuniko hubadilishana. Andika namba ya mfugaji, tarehe, saa ya kuchota, joto la maziwa, ujazo wa maziwa unaowakilishwa na jina fupi la aliyechota. Pale ambapo kuna shaka au mzozo, jaza chupa mbili kutoka mchoto mmoja, zifungwe mbele ya mfugaji, wote wawili mtie saini kwenye lebo, na moja ibaki kwenye jokofu la kituo hadi majibu yarudi.

Kwa hali ya hewa ya pwani yetu, baridi haina mbadala. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana kinga ya asili ambayo kwenye nyuzi 30 huisha ndani ya saa chache, na baada ya hapo bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Kwa saa 4 tu, bakteria 1,000 katika mililita moja hugeuka zaidi ya 250,000, na maabara itapima safari ya basi badala ya kupima usafi wa mfugaji. Sampuli isiyo na dawa ishuke hadi karibu nyuzi 4 haraka iwezekanavyo na ipimwe ndani ya saa 24.

Deli la kawaida linalotumika kwa samaki au aiskrimu linatosha, mradi liwe la maziwa peke yake, lisiwe lile lililokwenda Mikindani juzi kuchukua pweza. Barafu ya kuvulia samaki isiguse chupa, kwani maji yake hupenya vifuniko. Gandisha maji katika chupa za plastiki za lita moja, zipange pembeni na juu ya sampuli, na katikati utie chupa moja ndogo ya maji ya kawaida yenye kipimajoto, ili anayepokea asome joto la ndani bila kufungua sampuli. Usiiweke sampuli kwenye friza, kwa kuwa maziwa yakiganda mafuta hutengana na kipimo cha mafuta hupotoka. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni takriban kilomita 200 za lami, na deli lililopangwa vizuri huvumilia safari hiyo, lakini lisiachwe kwenye buti juani wakati basi linasubiri abiria. Mpe kondakta namba ya simu ya mpokeaji na umwambie alishushe kwanza.

Ndani ya kiwanda

Kwa maziwa yaliyopashwa joto kuua vimelea kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, sampuli zichukuliwe baada ya kupoza, kwenye koki iliyochomwa moto, na nyingine kutoka kwenye mifuko yenyewe. Mifuko ichukuliwe ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho wa kufungasha, kwa sababu ya mwanzo mara nyingi hubeba maji yaliyobaki katika mabomba, na ya mwisho hubeba maji yaliyotumika kusukuma maziwa. Mtindi huchukuliwa ukiwa katika kikombe kilichofungwa, bila kufunguliwa, na maabara ndiyo itakayoukoroga.

Maabara inapopokea

Anayepokea deli asome kwanza kipimajoto cha chupa ya maji na aandike joto hilo kabla ya kusaini. Kwa kipimo cha bakteria, sampuli iliyozidi nyuzi 10 naikataa, hata kama mfugaji amesafirisha kwa taabu, kwa sababu jibu lake litamdhuru. Kwa kipimo cha mafuta, chupa yenye malai yaliyoshikana kwenye kifuniko ipashwe katika maji ya nyuzi 38 hadi 40, ipinduliwe taratibu mara kadhaa bila kutikiswa kwa nguvu hadi malai yayeyuke yote, ipozwe hadi nyuzi 20, kisha ipimwe papo hapo. Ukiona chembe za siagi zinazobaki baada ya kupashwa, sampuli hiyo imekwisha.

Sampuli iliyokataliwa iandikwe sababu yake kwenye daftari lile lile la matokeo, na namba yake isipewe chupa nyingine. Mpigie mfugaji simu kabla ya ukamuaji wa jioni, umweleze kwa heshima kilichotokea, na umwombe kesho alete maziwa ya asubuhi katika chombo chake, bila kuyachanganya na ya jioni, ili uchote upya yeye mwenyewe akiwa amesimama pembeni yako.